Ujumbe wa M-Pesa si pesa: somo la Awendo kwa wauzaji wa Pwani

Ni saa kumi na mbili unusu jioni, Awendo. Malori ya miwa bado yanapita barabara kuu ya kutoka Rongo kwenda Migori, na mama mmoja mwenye duka karibu na stendi anataka kufunga. Ana friza kuukuu aliyoitangaza Facebook siku mbili zilizopita kwa shilingi 28,000. Mteja amempigia mara tatu tangu adhuhuri. Hakubishana bei hata kidogo. Anasema yuko kazini Homa Bay na hawezi kufika mwenyewe, lakini amemtuma kijana wa tuktuk aje kuichukua.

Tuktuk imefika. Mteja yuko kwenye simu: "Mama, nishatuma. Angalia simu, huyo kijana ana safari nyingine." Simu inalia. Ujumbe upo: herufi na tarakimu za mwanzo, neno la kuthibitisha, shilingi 28,000, jina la mtumaji, tarehe, saa na salio jipya. Friza inapakiwa. Asubuhi mama anakwenda kwa wakala kutoa pesa za kununulia mali ya duka, na anakuta ana shilingi 1,340. Zile zile alizolala nazo juzi.

Kisa hiki sikukipa jina la mtu kwa sababu si cha mtu mmoja. Badilisha friza iwe simu, kochi, pikipiki au mbuzi; badilisha Awendo iwe Likoni, Mtwapa au Ukunda. Bila shaka utampata mtu unayemjua.

Huenda msomaji wa Mombasa, Kilifi au Kwale akauliza: Awendo inatuhusu nini? Ni mji wa kiwanda cha sukari cha Sony katika kaunti ya Migori, safari ya usiku na mchana kutoka kwetu. Inatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, siku hizi tunauziana. Leso, baibui, vyombo na simu zinazotangazwa kwenye WhatsApp hapa Pwani zinapanda basi na kushuka miji kama hiyo, na muuzaji hajawahi kumwona mnunuzi. Pili, kila muuzaji wa Pwani anapotapeliwa na "mteja wa bara", anakata shauri kwamba hatatuma tena mzigo huko. Hapo anayepoteza si tapeli. Anayepoteza ni mwalimu wa Awendo aliyetaka kununua kwa haki, na muuzaji mwenyewe aliyejifungia soko.

Nasema hivi makusudi, maana tumezoea kuupa utapeli kwao. Mulot, mji mdogo kwenye mpaka wa Bomet na Narok, umeandikwa sana kwa sababu wapelelezi wa DCI wamewakamata huko washukiwa wengi wa ulaghai wa simu. Gereza la Kamiti nalo limekuwa mzaha wa kila mtu anayepigiwa simu asiyoielewa. Lakini laini ya simu haina kabila wala kijiji. Anayesema yuko Homa Bay anaweza kuwa Kisauni. Kumchunguza mtu kwa lafudhi yake hakutakuokolea friza. Kinachookoa ni kuchunguza pesa.

Tangu M-Pesa ilipoanza Machi 2007, tumejifunza jambo moja polepole bila kutambua: ujumbe ukiingia, tunahesabu kwamba pesa imeingia. Miaka yote hiyo mambo hayo mawili yamekuwa yakifika pamoja, na mazoea yakageuka sheria. Tapeli wa ujumbe bandia havunji mtambo wowote wala haibi namba yako ya siri. Anachofanya ni kuyatenganisha mambo hayo mawili. Anakutumia ujumbe bila pesa, na kukuachia wewe ukamilishe kazi kwa mazoea yako.

Ujumbe wenyewe si mgumu kuuiga. Kila Mkenya anao mamia kwenye simu yake. Ananakili mmoja, anabadilisha jina na kiasi, anautuma. Ujumbe wa kweli huingia chini ya jina MPESA, pamoja na zile za zamani. Wa bandia mara nyingi hutoka kwa nambari ya kawaida ya simu, au kwa jina lililoongezwa nukta au kistari. Hiyo ni dalili nzuri, ila usiitegemee peke yake, maana hata jina la juu ya ujumbe linaweza kughushiwa. Picha ya skrini ndiyo kabisa usiihesabu. Kuna programu za kuitengeneza kwa dakika moja.

Lakini kuna tarakimu moja ambayo tapeli hawezi kuinakili: salio lako. Yule mama alikuwa na 1,340. Kama 28,000 zingeingia kweli, salio jipya lingekuwa 29,340. Tapeli hajui ulikuwa na ngapi, kwa hiyo atabahatisha, au ataliacha salio nje ya ujumbe. Salio la zamani, jumlisha kilichoingia, upate salio jipya: hesabu ya darasa la pili. Anayejua salio lake kila jioni anapofunga duka ana ngao ambayo haihitaji simu kubwa wala intaneti.

Hapa pia kuna mtego. Tangu Fuliza ianze mwaka 2019, wengi wetu tuna deni dogo dogo linalokatwa mara tu pesa inapoingia. Basi hesabu ya salio hailingani hata pesa ikiwa ya kweli, na tumezoea kuona salio la ajabu bila kushtuka. Mwenye deni la Fuliza asisome ujumbe kabisa. Abonyeze *334#, aangalie salio mwenyewe. Njia hiyo hufanya kazi hata kwenye simu ndogo ya tochi. Ujumbe ni maneno ya mtu kwako. Salio ulilolitafuta mwenyewe ni jibu la mtambo.

Kama dawa ni nyepesi hivyo, mbona watu wenye akili timamu wanaanguka? Kwa sababu tapeli haanzi na ujumbe. Anaanza na tabia zetu njema. Tunasema biashara haigombi, basi tunaona haya kumwambia mteja "ngoja kwanza nihakikishe," kana kwamba tumemwita mwizi. Anakupigia wakati wa kufunga, au wakati duka limejaa. Anamtuma mtu wa tatu, mwenye tuktuk au bodaboda, anayesimama mlangoni akihesabu muda wake. Na tukumbuke kwamba kijana huyo mara nyingi hajui lolote. Amekodiwa kwa simu apeleke mzigo mahali fulani njiani, na kesho yake ndiye anayetafutwa na polisi. Tapeli amewaibia watu wawili kwa ujumbe mmoja: mmoja mali, mwingine jina.

Dalili iliyo wazi kuliko zote ni hii: mnunuzi hajali bei, hajali hali ya kitu, hataki kukiona, lakini anajali sana muda. Mnunuzi wa kweli huuliza friza inagandisha vipi na imetumika miaka mingapi.

Kuna na ndugu za hila hii. Ya kwanza ni "nimekosea, nimetuma zaidi." Ujumbe unasema umepokea 38,000 badala ya 28,000, na papo hapo mtu anakupigia kwa unyenyekevu: "Dada yangu, nirudishie elfu kumi, ni ada ya mtoto." Pesa utakayorudisha ni yako, ya kweli, aliyoituma yeye haipo. Jibu la adabu ni moja: aliyekosea nambari atume ujumbe wake wa muamala kwa 456, ambako Safaricom hushughulikia makosa hayo. Si kazi yako kurudisha kwa mkono.

Ya pili ni kinyume chake. Mnunuzi analipa kweli, anachukua mali, kisha yeye mwenyewe anakimbilia hiyo 456 na kudai alituma kimakosa. Hapa salio halikusaidii, kwa kuwa pesa ilikuwepo. Kinachokusaidia ni ushahidi: mazungumzo yenu ya WhatsApp usiyafute, andika stakabadhi hata kwa kalamu, chukua nambari ya usajili ya tuktuk, na mwenye kuchukua mzigo aweke sahihi. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Ya tatu ni simu inayofuata baada ya ujumbe, ya mtu anayejiita mhudumu wa kampuni, akitaka "kukusaidia kuifungua pesa iliyokwama." Safaricom imetangaza mara nyingi kwamba huwapigia wateja kwa 0722 000 000. Na kwa nambari yoyote ile, hakuna mhudumu mwenye haja na namba yako ya siri.

Sasa tupande ngazi moja, kwa wanaouza nje ya nchi. Si mbali na Awendo, upande wa Kisii, kuna Tabaka, wanakochonga mawe laini ambayo wageni wetu wa Malindi na Diani wanayajua vizuri. Mchongaji wa huko na muuza vinyago wa hapa Pwani wana tatizo moja: mnunuzi yuko Uingereza au Marekani, na malipo yanakuja kwa PayPal, ambayo tangu 2018 imeunganishwa na M-Pesa. Kwao hila haiji kwa ujumbe wa simu. Inakuja kwa barua pepe yenye nembo na rangi zote, ikisema: malipo yako yamepokelewa, lakini yamezuiliwa hadi utume nambari ya kifurushi.

Uongo huu unaaminika kwa sababu una chembe ya ukweli. PayPal huweza kweli kuzuia pesa za muuzaji mpya, hata kwa siku 21. Tofauti ni kwamba pesa iliyozuiliwa kweli utaiona ndani ya akaunti yako, imeandikwa kuwa inasubiri. Ile ya tapeli haipo popote ila kwenye barua. Kwa hiyo sheria ya *334# inarudi kwa sura nyingine: usibonyeze kiungo kilicho ndani ya barua, fungua programu au tovuti mwenyewe, ingia, uangalie. Kisha tazama anwani ya mtumaji, si jina lake. Kampuni ya malipo haiandiki kutoka anwani ya bure ya Gmail. Na barua ikikuambia kwamba mnunuzi ameongeza pesa za usafiri, ukazitume wewe kwa "wakala wa mizigo" kupitia M-Pesa au Western Union, funga mazungumzo. Hakuna mnunuzi wa kweli anayemlipa msafirishaji kupitia mfuko wako.

Haya yote yanamwachia muuzaji kazi yote, na hilo si haki. Tunayo Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018. Anayetuma ujumbe wa kumlaghai mtu atoe siri zake anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 300,000 au kufungwa hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Tulipangishwa foleni mwaka 2022 kusajili laini upya. Ikiwa kila laini ina jina, mbona aliyetuma ujumbe hapatikani? Sehemu ya jibu ni kwamba laini nyingi zimesajiliwa kwa vitambulisho vya watu wasiojua lolote. Bonyeza *106# uone ni nambari ngapi ziko kwa jina lako huko Safaricom. Huenda ukamkuta mgeni.

Sehemu nyingine ya jibu ni sisi. Aliyepoteza 28,000 anaona haya, ananyamaza. Akienda kituoni anaonekana msumbufu kwa pesa "ndogo". Lakini pesa ndogo za watu mia ni kesi kubwa, kama zimeandikwa. Tuma ujumbe wa bandia kwa 333, ambako Safaricom hupokea taarifa za ulaghai. Nenda kituo cha polisi udai nambari ya OB. DCI wana simu ya bure, 0800 722 203. Hata usipoipata friza yako, nambari ile ile ikitajwa Awendo, Likoni na Voi, mtu hawezi tena kusema ni uvumi.

Na yapo yasiyohitaji serikali. Ofisi za vifurushi vya mabasi ziulize mtumaji kabla ya kupokea mzigo: umeona salio? Viongozi wa stendi za bodaboda wawaambie vijana wao wasibebe mali ya mtu wasiyemwona bila kuandika jina la muuzaji na mahali wanapoipeleka. Mawakala wa M-Pesa, ambao ndio wa kwanza kuona machozi ya asubuhi, wabandike dukani maneno matatu tu: ujumbe si pesa.

Mnunuzi wa kweli hakasiriki akiombwa dakika mbili. Mwambie kwa heshima: "Ndugu yangu, subiri nione salio, halafu mzigo ni wako." Akikata simu, hukupoteza mteja.