Samaki Mkunje Angali Mbichi: Mfanyakazi na Miwani ya Uhalisia Pepe



Huenda siku yako ya kwanza kazini utakabidhiwa sare, kitambulisho, na miwani nzito inayofunika macho yote mawili. Hili si jambo la kubuni. Mwaka 2018 kampuni ya Walmart ya Marekani ilitangaza kwamba ingepeleka madukani mwake miwani ya uhalisia pepe zaidi ya 17,000 kwa ajili ya kuwafunza wafanyakazi. Katika mafunzo ya aina hiyo, mfanyakazi huvaa kifaa, akajikuta katikati ya umati wa wateja, akafanya uamuzi na kujifunza kutokana na makosa yake bila kumkosea mteja yeyote wa kweli.

Manufaa ya mafunzo hayo siyapingi. Ninachokihoji ni hatua inayotangulia: kabla ya kifaa kama hicho kununuliwa kwa maelfu, ni nani anayeketi mezani wakati kingali wazo? Maoni yangu ni kwamba mtu atakayekivaa kifaa kazini ana haki ya kukijaribu na kukikosoa kingali mfano wa awali. Haki hiyo ni ya kiraia, sawa na haki ya kujua kilichoandikwa katika mkataba wako wa ajira.

Tufafanue istilahi kwanza. Uhalisia pepe hufunika macho kabisa na kumtia mtu katika mazingira yaliyoundwa na kompyuta. Uhalisia ulioongezwa humwacha aione dunia iliyo mbele yake, ila juu ya dunia hiyo huongezwa picha, mishale au maandishi. Neno “pepe” lina maana nyingine ambayo wakulima wa mpunga wanaijua vyema: ni punje ambayo ganda lake limekamilika lakini ndani hamna kiini. Ikumbuke maana hiyo kila unapoonyeshwa teknolojia inayong’aa. Mfano wa awali, nao, ni sura ya kwanza ya kifaa au programu, iliyoundwa haraka na kwa gharama ndogo ili ijaribiwe, ikosolewe, na ikibidi itupwe.

Jina la Kiingereza la uhalisia ulioongezwa halikutoka katika michezo ya watoto. Lilitoka katika kampuni ya kuunda ndege. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Tom Caudell na David Mizell wa kampuni ya Boeing walikuwa wakitafuta njia ya kuwasaidia mafundi wanaopanga nyaya nyingi za ndege juu ya mbao kubwa zenye michoro. Wazo lao lilikuwa kumvisha fundi kifaa cha kichwani ambacho kingemwonyesha, mbele ya macho yake, kila waya unapopaswa kupita. Tazama basi: tangu mwanzo teknolojia hii ilikusudiwa macho ya fundi na mikono ya fundi. Itakuwa ajabu kubwa fundi huyo akiwa wa mwisho kuulizwa.

Isitoshe, kumuuliza hakuhitaji mali nyingi. Mwaka 2014 kampuni ya Google ilionyesha Cardboard, miwani iliyoundwa kwa kadibodi iliyokunjwa, lenzi mbili na simu ya mkononi. Tom Chi, aliyeshiriki katika kubuni miwani ya Google Glass, amesimulia hadharani jinsi yeye na wenzake walivyotaka kujua iwapo mtu angeweza kuiamuru kompyuta kwa kupunga mikono hewani. Badala ya kuandika programu kwa miezi, walifunga mshipi wa kuvulia samaki mikononi, wakauunganisha na vijiti vya kulia chakula na kifaa cha kubonyeza, na kazi ikaisha kwa muda usiozidi saa moja. Punde wakagundua jambo ambalo mchoro wa karatasini usingelifichua: mikono inayoinuliwa juu huchoka upesi.

Hata darasa lenu linaweza kufanya jaribio la namna hiyo. Mmoja ashike plastiki angavu iliyochorwa mishale mbele ya macho ya mwenzake. Wa pili afuate maelekezo. Wa tatu abadilishe plastiki kana kwamba yeye ndiye kompyuta. Mkishindwa kufanya kazi kwa plastiki hiyo, hamtaiweza kwa kifaa cha maelfu ya dola. Wahenga walinena: samaki mkunje angali mbichi. Kadibodi ni samaki mbichi. Mkataba wa ununuzi uliokwisha kutiwa saini ni samaki mkavu. Ukijaribu kumkunja, atavunjika.

Hata hivyo, kujaribu tu hakutoshi. Sharti tujue jaribio linapima nini. Chukua mfano wa kampuni ya usafirishaji ya DHL, ambayo ilijaribu miwani ya uhalisia ulioongezwa katika ghala moja mjini Bergen op Zoom, Uholanzi. Wafanyakazi 10 waliitumia kwa wiki 3 kutafuta bidhaa rafuni, na mwaka 2015 kampuni ikatangaza kwamba ufanisi ulikuwa umeongezeka kwa asilimia 25. Jaribio hilo lina sifa yake, kwani lilifanyika katika kazi halisi. Lakini asilimia 25 ni jibu la swali la mwajiri. Mvaaji ana maswali yake: shingo yangu itakuwaje baada ya mwaka mzima? Macho yatauma? Na ufanisi ukipanda, je, ujira utapanda nao, au kitakachopanda ni kiwango cha kazi ninachodaiwa kila siku? Jaribio lisilouliza maswali haya limepima nusu ya ukweli.

Kuna pia yule asiyevaa lakini anayetazamwa. Google Glass ilianza kuuzwa kwa wajaribu wa mwanzo mwaka 2013 kwa dola 1,500. Baadhi ya mikahawa na baa nchini Marekani ziliipiga marufuku, kwa sababu watu hawakujua kama kamera iliyo usoni pa jirani yao ilikuwa ikiwarekodi. Mapema mwaka 2015 uuzaji kwa umma ulisitishwa. Mwaka 2017 miwani ikarudi kwa jina la kifaa cha viwandani na maofisini, na mwaka 2023 ikaachwa kabisa. Funzo ni wazi. Mteja anayehudumiwa, mgonjwa anayetibiwa na mpita njia ni wahusika pia, nao wanastahili kusikilizwa mfano wa awali unapojaribiwa.

Jambo la hatari zaidi halionekani kwa macho. Kifaa cha uhalisia pepe hakiwezi kufanya kazi bila kufuatilia jinsi kichwa chako kinavyosogea. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kwamba, katika kundi la watu 511, kompyuta iliweza kumtambua mtu kwa usahihi wa asilimia 95 kutokana na data ya mwendo isiyofika dakika 5. Kwa maneno mengine, jinsi unavyogeuza shingo ni sahihi yako. Kampuni inaweza kufuta jina lako katika kumbukumbu zake na bado ikakujua.

Hapa ndipo sheria zetu zinapoingia. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika ibara ya 27, inalinda faragha ya mtu, na Uganda ilitunga sheria ya kulinda data na faragha mwaka 2019. Kenya ilitunga yake mwaka huohuo, Rwanda ikafuata mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022. Sheria ya Kenya, katika kifungu cha 41, inataka kinga ya data iwekwe tangu hatua ya usanifu. Zingatia maneno hayo: tangu hatua ya usanifu, yaani samaki akiwa mbichi. Lakini sheria haijisomi yenyewe. Ridhaa ya mfanyakazi anayeogopa kufutwa kazi ni ridhaa ya mdomo tu. Ndiyo maana ni bora masharti yajadiliwe kabla kifaa hakijawa sehemu ya kazi.

Wapo watakaopinga. Watasema kuwa kumshirikisha kila mtu hupoteza wakati, na kwamba siri ya biashara itavuja. Sidharau hoja ya siri. Inaweza kulindwa kwa makubaliano ya maandishi. Ama kuhusu wakati, jaribio la mshipi na vijiti halikumaliza hata saa moja. Anayekosa saa moja ya kumsikiliza fundi atatumia miezi kutafuta sababu ya miwani yake kulala kabatini.

Nawe unayejifunza Kiswahili una nafasi ya pekee katika kazi hii. Fikiri kuhusu agizo fupi linaloelea mbele ya macho ya mfanyakazi wa ghala: “Weka juu.” Juu ya nini? Juu ya sanduku lililopo, au juu kwenye rafu ya mwisho? Kwenye karatasi utata huo ni kosa la sarufi. Ghalani unaweza kumwangushia mtu mzigo kichwani. Mhandisi asiyejua lugha hii hawezi kuuona. Wewe unaweza, mradi uitwe wakati maneno bado yanafutika.

Basi usisubiri kuitwa. Ukiombwa kujaribu kifaa cha aina hii, jizoeze kuuliza kwa adabu na kwa Kiswahili fasaha: “Naomba kufahamu, kifaa hiki kinanipunguzia kazi gani? Nikiumwa kichwa, nitaruhusiwa kukivua bila kuadhibiwa? Data ya mwendo wangu itahifadhiwa wapi, na nani, na kwa muda gani?” Kisha ongeza swali la nne, ambalo ndilo kipimo cha kama umeitwa kushiriki au umeitwa kushangilia: “Nikisema hakifai, ni kitu gani kitabadilika?”