Subira Haivuti Waya

Niko Stockholm, ambako saa tisa alasiri jua limeshazama nami naandika chini ya taa.

Wiki iliyopita tulikuwa kwenye hitima ya mzee wetu mmoja pale Husby. Baada ya chakula mazungumzo yakaelekea kule yanakoelekea siku zote: nyumbani umeme umekatika tena. Jamaa mmoja akasema, "Yakhe, hawa Waswidi wana akili, ndiyo maana taa zao hazizimiki." Wengine wakatikisa vichwa kukubali. Mtu mzima mmoja akamalizia kwa kututuliza nyoyo: "Subira huvuta heri." Pale nilinyamaza kwa heshima ya msiba. Hapa sinyamazi.

Mimi ni mhandisi wa umeme. Nimesomea nchi hii na nimefanya kazi ya nyaya na transfoma kwa zaidi ya miaka 25. Nasema wazi kwamba kauli zote mbili ni za makosa, na hiyo ya pili ndiyo yenye madhara zaidi.

Tuanze na hiyo ya akili. Waliokuwa wakiishi Rinkeby, Tensta, Husby na Akalla mwaka 2001 watakumbuka. Tarehe 11 Machi moto ulizuka ndani ya handaki la kebo za umeme pale Akalla. Watu kiasi cha 50,000 wakaingia gizani, pamoja na ofisi za Kista, mahali panaposifiwa dunia nzima kwa kampuni za simu na kompyuta. Giza lilidumu kiasi cha siku moja na nusu, na baridi mnaijua. Mwezi wa Mei 2002 moto ukazuka tena, katika handaki lilelile, na giza likarudi kwa watu walewale. Muumini haumwi na nyoka mara mbili katika shimo moja, lakini mtambo wa watu wenye akili uliumwa. Basi tuache hadithi ya akili.

Kisha ikaja dhoruba waliyoiita Gudrun, usiku wa tarehe 8 kuamkia 9 Januari 2005, kusini mwa nchi hii. Upepo uliangusha miti ya ujazo wa mita za mraba, samahani, mita za ujazo kiasi cha milioni 75, karibu sawa na mavuno ya mbao ya nchi nzima kwa mwaka. Nyaya za vijijini zilikuwa tupu, zimepita juu, katikati ya misitu, katika njia nyembamba. Miti ikazilalia. Wateja kiasi cha 730,000 walikosa umeme, na wa mwisho wao walikaa gizani kwa zaidi ya mwezi mmoja, katika Januari ya Uswidi, wengine hata simu hazifanyi kazi.

Watu walikasirika, na wangekuwa wapumbavu wasingekasirika. Lakini tazameni hasira ile ilikwenda wapi. Haikuishia kwa fundi aliyekuwa juu ya nguzo. Iliwaendea wakubwa wa kampuni za umeme na ikafika bungeni, na suali likawa moja: kwa nini nyaya hizi hazikuwa chini ya ardhi? Jibu kila mhandisi alilijua. Kufukia nyaya ni gharama ya kampuni; kukaa gizani ni gharama ya mteja. Kampuni inayopiga hesabu zake sawasawa itaacha waya juu ya mti mpaka siku ya dhoruba, na siku hiyo itaomba radhi.

Sheria ikabadilishwa ili hesabu ibadilike. Kuanzia 1 Januari 2006, umeme ukikatika kwa saa 12 au zaidi, kampuni ya nyaya inamlipa mteja fidia. Inaanzia asilimia 12.5 ya ada yake ya mwaka ya nyaya, na kadiri giza linavyorefuka inapanda, hadi kufikia asilimia 300. Mteja hana haja ya kupanga foleni wala kuandika barua. Fidia inamfuata mwenyewe. Na kuanzia 2011 sheria inakataza giza la kuzidi saa 24, isipokuwa kwa jambo lililo nje kabisa ya uwezo wa kampuni. Ghafla kufukia nyaya kukawa rahisi kuliko kutokufukia, na maelfu ya kilomita yakaingia ardhini. Upepo haukupungua nguvu. Mwenye kulipia giza ndiye aliyebadilika.

Sisemi kuwa hapa ni peponi. Tundu la "nje ya uwezo" wanasheria wanalijua vizuri, na gharama ya kufukia nyaya imerudi kwetu kupitia bili, tunanung'unika kila mwezi. Lakini tunanung'unika taa zikiwa zinawaka.

Sasa twende nyumbani. Unguja ilipata umeme kutoka Bara kwa kebo ya baharini iliyolazwa 1980 kwa msaada wa Norway, kutoka Ras Kiromoni hadi Ras Fumba, kilovoti 132, megawati 45. Kazi nzuri kabisa kwa wakati wake. Mji ukakua, hoteli zikajengwa, mahitaji yakaukaribia uwezo wa kebo, na kebo ikabaki moja. Mei 2008 umeme ukakatika, kisiwa kizima kikakaa gizani karibu mwezi mzima. Hiyo ilikuwa hodi. Desemba 2009 ukakatika tena, na safari hii ukarudi Machi 2010. Miezi mitatu! Dhoruba haikuwepo, wala mti haukuanguka. Kebo mpya ya megawati 100, kwa fedha za Marekani, ilipatikana mwaka 2013.

Wako watakaosema hayo ni majaaliwa. Tufani ya Aprili 1872 ilikuwa majaaliwa. Iliangusha mikarafuu ya Unguja na kuwafilisi watu. Lakini Pemba ilinusurika, na karafuu ikaendelea kutuweka mjini mpaka leo, kwa sababu mikarafuu ilikuwa imepandwa visiwa viwili. Umeme wa Unguja ulitegemea kebo moja. Tufani ni ya Mwenyezi Mungu. Kutegemea kebo moja ni uamuzi wa binadamu.

Wala si Unguja peke yake. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja alianguka juu ya transfoma katika kituo cha Gitaru, na Kenya nzima ikazimika. Tulicheka sana. Mhandisi hacheki, anauliza imekuwaje mnyama mmoja, tena aliyetoka mzima, aweze kuzima nchi.

Nakuja penye uchungu, nao unanihusu mimi mwenyewe. Februari 2010 nilikwenda kumwona bi mkubwa wangu, Kikwajuni. Maji hakuna, maana pampu zinaendeshwa kwa umeme. Watoto wanapita na madumu alfajiri. Usiku mji ulikuwa wa aina mbili: mitaa yenye ngurumo za jenereta na mitaa yenye vibatari. Nilifanya alichofanya kila mmoja wetu aliyeko nje. Nilinunua jenereta ndogo ya Kichina, nikaiweka uani, nikaacha pesa ya petroli, nikarudi Stockholm moyo umetulia.

Na ulipotulia ndipo nilipokosea. Kabla ya jenereta nilikuwa nauliza kila siku kebo imefikia wapi. Baada ya jenereta sikuuliza tena. Mimi, mhandisi, niliyeweza kusoma ripoti na kuandika suali lisilokwepeka, nilijinunulia kimya kwa bei ya mashine moja. Zidisheni hayo kwa kila nyumba yenye mtoto Uswidi, Uingereza, Oman na Kanada. Wenye sauti wote walitolewa katika foleni, wakabaki kulalamika wasiosikilizwa. Fedha zetu, tulizozituma kwa mapenzi, ndizo zilizoipoza hasira ambayo ilitakiwa ifike ofisini.

Msinielewe vibaya. Sisemi tuwaache wazee gizani. Nasema tusidhani kuwa tumemaliza.

Najua mtanijibu nini. Kwanza, nchi zetu ni maskini. Kweli, lakini kumwambia mteja nini kimeharibika na kinatarajiwa kutengenezwa lini hakuhitaji msaada wa mfadhili. Pili, mashirika yetu ni ya umma, na faini ya shirika la umma inalipwa na mwananchi yuleyule. Hoja hii ni nzito, siidharau. Jibu langu ni kuwa mwananchi huyo analipa tayari, kwa samaki waliooza, kwa petroli, kwa maji ya dumu, ila malipo yake hayaandikwi popote. Fidia ikiwa ndogo namna gani, inaingia katika vitabu. Anayeomba fedha za kebo ya akiba atakuwa na tarakimu mkononi badala ya kuomba huruma.

Bara tunayo EWURA, Visiwani ZURA. Suali la kuwauliza ni moja: umeme ukikatika siku tatu nyumbani kwa mama yangu, fedha gani inahama, kutoka mfuko gani kwenda mfuko gani, bila ya yeye kuinuka kitini? Maana upande wa pili hesabu iko kamili. Luku kwa Bara, Tukuza kwa Visiwani, unalipa kabla hujawasha taa, na uniti zikiisha hakuna anayekuambia kuwa subira huvuta heri. Subira imekuwa sarafu ya upande mmoja.

Subira ni ibada kwa msiba usiozuilika, kama ule uliotukusanya Husby. Kwa waya uliochakaa, wazee walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Jenereta ile ingali uani, imefunikwa gunia. Juzi dada yangu alinipigia simu kuniambia inataka kabureta. Nitatuma. Lakini safari hii nimemwomba na yeye anifanyie kitu. Aweke daftari karibu na mita, na kila umeme ukikatika aandike tarehe, saa uliyokatika na saa uliyorudi. Baada ya mwaka nitaichukua hesabu hiyo na kuipeleka inakostahili, kwa jina langu na saini yangu. Kila mmoja wenu ana dada, au mpwa, au jirani anayejua kusoma saa. Daftari ni bei ya chapati mbili.

Wabillahi tawfiq.