Chajio Hupimwa Mchana

Mzigo wa usiku

Katika sensa ya 2019, Ruiru ilihesabiwa watu 490,120, idadi iliyoupita hata mji wa Eldoret. Wengi wao hulala Ruiru na kutafuta riziki Nairobi, na barabara kuu ya Thika, yenye leni nane, iliyofunguliwa rasmi 2012, ndiyo inayowapangia saa za kula. Matatu za kwanza hujaa kabla ya jua, wakati ambapo wengi wameamsha kinywa kwa chai na vipande viwili vya mkate, kama wameamsha. Saa saba mchana mwenye kubana matumizi hukiruka chamcha au huipoza njaa kwa andazi, kwa sababu nauli ya jioni haikopeshwi. Anapofika Kimbo au Githurai saa mbili usiku, ugali umeshapinduliwa kwenye sinia na tumbo halisikii la mtu. Huyu ndiye anayeambiwa kila siku apunguze chakula cha usiku ikiwa anataka kupunguza uzani. Ushauri huo si wa uongo, ila unaanzia mwisho. Hoja yangu wiki hii ni kwamba chajio kikubwa huzaliwa na chamcha kidogo, na kwamba anayehesabu kalori za usiku bila kuzigusa za mchana atashindwa hata akiwa na nidhamu ya askari jeshi.

Kalori haina saa, njaa inayo

Kuna imani iliyokita mizizi kwamba chakula kinacholiwa baada ya saa moja jioni hugeuka mafuta moja kwa moja. Mwaka 2022 watafiti wa Aberdeen, Scotland, waliipima imani hiyo kwa watu 30 wenye uzani wa kupita kiasi. Kwa wiki nne walipewa sehemu kubwa ya kalori zao asubuhi, na kwa wiki nne nyingine wakapewa sehemu kubwa jioni, jumla ikiwa ileile. Uzani uliopungua ulikuwa karibu sawa, kilo tatu na kitu kwa kila mpango. Kilichotofautiana ni njaa, kwani waliokula vizuri asubuhi walishinda wakiwa wametulia zaidi. Mwaka huohuo, watafiti wa Boston waliisogeza milo ya watu 16 mbele kwa takriban saa nne bila kubadilisha chakula chenyewe. Njaa ya watu hao ikapanda, na miili yao ikatumia nishati kidogo kuliko kawaida.

Mtu anaweza kupinga kwa kutaja utafiti wa Israel wa 2013, ambapo wanawake 93 walipangiwa kalori 1,400 kwa siku. Waliokula 700 asubuhi walipungua kwa wastani wa kilo 8.7 katika wiki 12, na waliokula 700 usiku wakapungua kilo 3.6 tu. Je, huo si ushahidi kwamba saa ina uzito wake? Nionavyo, tafiti hizi hazigombani. Wale wa Aberdeen walipewa chakula chote kikiwa kimeshapimwa, kwa hiyo njaa haikuwa na mahali pa kupenyea. Wanawake wa Israel walikula makwao, palipo na kabati, friji na majaribu. Mtu akiachwa huru, njaa ya siku nzima huja kudai deni lake usiku. Mkazi wa Ruiru anaishi kama wanawake hao wa Israel, hana mtafiti wa kumpimia sahani. Kwake swali la saa ngapi amekula chajio si kubwa kama swali la alikuwa na njaa kiasi gani alipokifikia.

Mji wa mafuta na unga

Thika ina sifa yake katika habari hii. Kiwanda cha Bidco Africa, kinachosafisha mafuta ya kupikia yanayouzwa kote nchini, kiko hapa, na Capwell Industries husaga hapa unga wa Soko. Vitu viwili vinavyoamua ukubwa wa chajio cha Mkenya vinatoka kwenye viwanda vya mji mmoja, na hivyo viwili ndivyo vinavyostahili kuhesabiwa kabla ya kingine chochote. Gramu moja ya mafuta ina kalori tisa, na gramu moja ya wanga au protini ina nne. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ni kama kalori 120, na haijalishi chupa imeandikwa nini kuhusu moyo au kolesteroli.

Tazama jinsi sukuma wiki inavyopikwa. Mama mboga ameshaikunja na kuikata nyembamba kwa kisu chake kilicholika makali. Sufuria imepata moto, na mafuta yanamiminwa kutoka kwenye mtungi mpaka yafunike kitako chote, bila kipimo kingine ila jicho. Kitunguu kinalia, nyanya inafuata, kisha rundo la mboga linaingia likiwa limefurika na baada ya dakika chache limenywea na kuwa konzi mbili. Mafuta yamebaki palepale, yakijikusanya chini, na tonge la mwisho la ugali ndilo litakaloyapangusa. Gramu 300 za sukuma mbichi zina takriban kalori 100. Vijiko vinne vikubwa vya mafuta, ambavyo si vingi kwa mpishi wa kukisia, ni kalori 480. Kwa hiyo mtu anayejisifu kwamba usiku amekula mboga tu huenda amekula mafuta yaliyopambwa kwa majani. Chapati nayo haijifichi: gramu 70 za unga wa ngano na kijiko kikubwa kimoja cha mafuta hukaribia kalori 370, na ni nadra mtu kuishia kwa moja ndengu zikiwa mezani.

Hesabu ya sufuria

Programu za simu za kuhesabu kalori zilitungwa na watu ambao kila mmoja wao ana sahani yake na chakula kilichotoka kwenye pakiti. Kwetu chajio hutoka kwenye sufuria moja, na ugali hukatwa kwa mwiko. Ukijaribu kupima kipande chako cha ugali utadanganyika, kwani sehemu kubwa ya uzito wake ni maji, na maji hayana kalori. Mpishi mmoja huusonga mgumu, mwingine huuacha mwororo, na gramu zilezile zikawa na maana mbili. Njia ya uhakika ni kuhesabu unga ukiwa mkavu. Gramu 100 za unga wa mahindi zina takriban kalori 360. Nusu kilo ikisongwa, sufuria ina 1,800, na kazi iliyobaki ni kugawanya kwa haki. Fanya vivyo hivyo kwa mafuta: weka kijiko kando ya mtungi, hesabu vijiko vinavyoingia, gawanya kwa walaji. Mboga za majani hazihitaji kuandikwa popote. Maharagwe, nyama na omena yatosha kuyakadiria.

Kwa hesabu hiyo, chajio cha ugali wa gramu 80 za unga, sukuma ya kutosha iliyokaangwa kwa kijiko kimoja cha mafuta kwa kila mlaji, na nusu kikombe cha maharagwe hakifiki kalori 600. Anayejiwekea kikomo cha 1,800 kwa siku anabaki na 1,200 za kutumia kabla ya jua kutua, na hapa ndipo hoja yangu inaporudi mchana. Sahani ya githeri iliyochemshwa, ya gramu 350, ina kama kalori 450, na nyuzinyuzi na protini za maharagwe yake humshibisha mtu kwa muda mrefu kuliko andazi na chai. Anayebeba githeri kwenye mkebe hadi kazini amekipunguza chajio chake saa saba kabla ya kukiona. Anayeshinda na chai amejiandalia vita ambayo hataishinda.

Kuna wanaodai kwamba wanahesabu kwa uaminifu na bado hawapungui. Mwaka 1992 watafiti wa New York waliwachunguza watu wa aina hiyo, walioapa kwamba hawali zaidi ya kalori 1,200 kwa siku. Miili yao ilikuwa ikitumia nishati kama kawaida, lakini walichokula kiliripotiwa pungufu kwa wastani wa asilimia 47. Sisemi walikuwa waongo. Binadamu hukumbuka sahani na kusahau alichotia mdomoni akiwa amesimama. Hapa kwetu cha kusahaulika kiko steji: smokie iliyopasuliwa na kujazwa kachumbari, kipande cha mutura, karanga za kwenye karatasi, soda ya nusu lita. Soda hiyo pekee ina takriban kalori 210, sawa na ugali wa karibu gramu 60 za unga, na haishibishi. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki hujazwa kati ya kazini na mlangoni pa nyumba.

Wanaopinga

Pingamizi la kwanza ni kwamba kalori ni mambo ya wenye nazo. Katika kaunti hiihii ya Kiambu wapo watu wanaolala njaa, na kwao makala hii haina neno. Lakini anayenunua mafuta ya kupima kwa shilingi chache tayari anahesabu, tofauti ni kwamba anahesabu pesa. Kupunguza vijiko vinne hadi viwili ni akiba mfukoni na kiunoni, na githeri ya nyumbani ni nafuu kuliko vitafunio vya barabarani ukivijumlisha kwa mwezi. Wala hakuna haja ya kuazima takwimu za ughaibuni. Serikali ya Kenya na shirika la FAO walichapisha majedwali ya virutubisho vya vyakula vya Kenya mwaka 2018, pamoja na kitabu cha mapishi kinachoonyesha nguvu iliyomo katika vyakula vinavyopikwa humu nchini.

Pingamizi la pili ni la heshima. Mwili mnene umesomwa kwa miaka mingi kuwa dalili ya nyumba yenye neema, na anayepungua huulizwa kama anaugua. Hofu hiyo ina historia yake: nchini Uganda, katika miaka ya 1980, ukimwi uliitwa "slim" kwa jinsi ulivyowakondesha watu. Siidharau. Hata hivyo, takwimu zimehama. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2008-09 ulikuta asilimia 25 ya wanawake wa Kenya wana uzani uliozidi, na ule wa 2014 ukakuta 33. Wa 2022, uliowatazama wa miaka 20 hadi 49, ulikuta 45. Hali inayowagusa karibu nusu ya wanawake haiwezi tena kuwa alama ya neema ya wachache, na shinikizo la damu na kisukari vinavyoandamana nayo havimheshimu mtu.

La tatu ndilo zito zaidi: kwa nini kuhesabu kabisa? Utafiti wa Stanford wa 2018 uliwafuata watu 609 kwa mwaka mmoja. Nusu walipunguza mafuta na nusu wakapunguza wanga, na hakuna aliyeambiwa ahesabu kalori. Walipungua kilo 5.3 na 6.0 kwa wastani, tofauti isiyo na maana kubwa. Nakubali kabisa kwamba inawezekana bila hesabu. Lakini watu hao walifundishwa kwa miezi mingi kula mboga kwa wingi na kuacha sukari na unga uliokobolewa. Asiye na mwalimu, hesabu ndiyo humfundisha. Wiki tatu au nne za kupima unga na mafuta hutosha kulinoa jicho, kisha kijiko kinaweza kurudi kabatini. Anayeendelea kuandika kila tonge kwa miaka amejifunga jela. Na wapo ambao hawapaswi kuanza peke yao: wanaotumia insulini, wajawazito, wanaonyonyesha, na waliowahi kuteswa na hofu ya chakula. Hao waonane kwanza na mtaalamu wa lishe, iwe ni Thika Level 5 au hospitali iliyo karibu nao.

Mfanyakazi wa zamu ya usiku viwandani Thika anaweza kuuliza chajio chake ni kipi. Ni mlo wa mwisho kabla ya kulala, hata kama ni saa mbili asubuhi, na kanuni ni ileile: asiufikie akiwa hajala kitu katikati ya zamu. Hapa waajiri nao wana sehemu yao. Nusu saa ya kukaa na kula chakula halisi kazini inafanya zaidi kuliko mabango ya afya ukutani.

Aliyeshika mtungi

Limebaki jambo ambalo washauri wengi hulipita. Katika nyumba nyingi, anayetaka kupungua siye anayepika. Baba atatangaza kwamba ameanza kujinyima, kisha asukume ugali kando na kula sukuma iliyoogelea mafuta, na mpishi hajaambiwa lolote isipokuwa kulaumiwa. Au mama apike chakula chake kando, watoto wakiendelea na soda na chapati, mpaka achoke kupika mara mbili. Hesabu ya sufuria haiwezi kuwa siri ya mtu mmoja. Inahitaji wenye nyumba wakubaliane vijiko ni vingapi, unga ni kiasi gani, na nani anabeba nini mchana. Watoto wanaokua na mlaji anayefanya kazi ya sulubu wataongezewa unga na maharagwe, si mafuta. Kwa hiyo, anayetaka kuanza Jumatatu asikimbilie mizani kwanza. Azungumze na aliyeshika mtungi wa mafuta, na kama ni yeye mwenyewe, atafute kijiko na mkebe wa chamcha.