KIPIMO CHA TIBA NI UHAI WA MGONJWA

Wahenga walisema nia njema ni tabibu. Hata hivyo, katika utafiti wa tiba nia njema peke yake haitoshi, na historia ya matibabu ya ini yathibitisha hayo.

Mtu ambaye ini lake limejaa makovu huweza kutapika damu hadi kufa, kwa kuwa damu inayozuiwa kupita katika ini huivimbisha mishipa ya umio mpaka ikapasuka. Tangu miaka ya 1940 madaktari wa Marekani walieneza upasuaji wa kuigeuzia damu hiyo njia, ipite kando ya ini. Sifa zikawa nyingi.

Mwaka 1966 wataalamu watatu, Grace, Muench na Chalmers, walichambua tafiti 51 za upasuaji huo. Tafiti 32 hazikuwa na kundi la kulinganishia. Kati yake 24 ziliusifu sana. Nyingine 15 zilikuwa na kundi hilo, ila wagonjwa hawakugawanywa kwa kura. 10 ziliusifu sana. Ni 4 tu zilizopiga kura. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyousifu sana, na 3 hazikuona faida yoyote.

Sababu ni nini? Waliopasuliwa hawakutofautiana: palipopigwa kura na pasipopigwa, kama asilimia 60 walikuwa hai baada ya miaka mitatu. Tofauti ilikuwa kwa wasiopasuliwa. Palipopigwa kura, wao pia walibaki hai kama asilimia 60. Pasipopigwa, asilimia 45. Ni dhahiri kwamba wenye nguvu zaidi ndio waliochaguliwa kupasuliwa, wakalinganishwa na walio dhaifu.

Isitoshe, upasuaji huo ulipunguza kweli kutoka damu, lakini haukurefusha maisha, na baadhi ya wagonjwa walichanganyikiwa akili. Kuhesabu damu iliyozuiwa bila kuhesabu waliokufa ni kujidanganya.

Funzo hili si la madaktari peke yao. Mtumishi wa umma anayeletewa ripoti ya mafanikio, na mwalimu anayesifiwa njia mpya ya kufundishia, hawana budi kuuliza: kimepimwa nini, kimelinganishwa na nini, na nani aliyechagua? Ripoti isiyojibu maswali hayo haistahili kukata shauri juu ya maisha ya watu.