Nyumba Yenye Jicho: Yatufaa au Haitufai?



Mwezi uliopita, baada ya sala ya Isha, kijana mmoja katika waliosoma kwetu chuoni zamani alinifuata nje ya msikiti. Akanambia: "Shikamoo maalim. Nimeposa, na ndoa i karibu inshallah. Nyumba nimekwisha panga, orofa ya tatu, hapa hapa Kariakoo. Nataka kuitia vyombo hivi vya kisasa: taa iwashwayo kwa simu, kitasa kifunguliwacho kwa kidole, na kamera ya ndani. Je, vina faida, au ni kutupa fedha?"

Nilimwitikia, nikamwomba anipe muda, kwani jawabu la haraka aghlabu ni la kumfurahisha mwulizaji tu. Leo namjibu hapa, ili na wengine wafaidike.

Kwanza yatupasa tujue vyombo hivi ni vitu gani. Si uchawi. Taa ni ile ile tuijuayo, illa ndani yake mmetiwa kijiredio kidogo chenye kusema na intaneti ya nyumbani. Ukiiamrisha kwa simu, hata ukiwa umekaa chini yake, mara nyingi amri yako huenda kwanza kwenye kompyuta za mtengenezaji ng'ambo, kisha ndipo irudi chumbani kwako. Na picha za kamera nazo aghlabu huenda kuhifadhiwa huko huko. Ukilielewa hili, umeelewa faida yake na taabu yake pia.

Mimi nisingekuwa na la kusema lau mwanangu, mwenye duka karibu na Mtaa wa Aggrey, asingeniletea vyombo vinne nyumbani kuwa zawadi. Tulikaa navyo miezi mitano, na haya ndiyo tuliyoyaona.

Cha kwanza kilikuwa taa ya simu. Mke wangu akiingia chumbani huizima ukutani, kama alivyozoea miaka thelathini, na tangu hapo simu huita chombo kisichosikia. Bando likiisha, taa yarudi kuwa taa ya kawaida, na umeme ukikatika huwa si taa tena. Nani asiyeikumbuka Jumapili ya Mei 12, 2024, nyaya za intaneti zilizolazwa chini ya bahari zilipoharibika upande wa kusini mwa Afrika, na nchi yetu ikawa miongoni mwa zilizopata taabu kubwa? Kitu chenye kutegemea ng'ambo hulala ng'ambo ikilala. Na mwenyewe akitaka kukiua, hukiua: mwaka 2016 huko Marekani mashine iitwayo Revolv, iliyouzwa kwa dola 300 hivi, ilizimwa na kampuni iliyoinunua, ikabaki sanduku tupu mikononi mwa wanunuzi. Taa hii, basi, sioni sababu ya kuinunua.

Cha pili kilikuwa soketi yenye kupima umeme. Hii ilitusaidia. Tulikuwa tukilalamika kwamba uniti za LUKU zakwisha kabla ya wakati, kila mtu akimshuku mwenziwe na pasi. Soketi ikatuonyesha kwamba mlaji ni jokofu letu kuukuu, ambalo mpira wa mlango wake umechakaa. Tukabadilisha mpira, na magomvi yakaisha. Lakini ikiisha kukuonyesha mlaji, kazi yake nayo imekwisha. Yetu tumekwisha iazimisha kwa majirani wawili. Jengo zima latosheka na moja.

Cha tatu ni taa ndogo iwakayo yenyewe mtu apitapo. Haina simu, haina intaneti, na bei yake ni ndogo kuliko ya vyote. Mama yangu mzazi huamka kabla ya Alfajiri kwenda kutawadha, naye alikuwa akipapasa ukuta gizani. Sasa akitoka mlangoni tu, njia yawaka mbele yake. Katika zawadi zote, hii ndiyo anayoiombea dua.

Cha nne kilikuwa kamera, nayo tuliitundika sebuleni kwa kuogopa wezi. Hapa naungama kosa langu. Kila Alhamisi alasiri kina mama wa jengo letu hukutana kwetu kusoma. Wakiwa wao kwa wao huvua mitandio, wakapumzika. Siku moja mmoja wao, alipokuwa akisuka nywele za mwenziwe, aliinua macho akaona kidoa chekundu ukutani. Akamwuliza mke wangu: "Dada, kile nini?" Mke wangu akamwambia kweli. Akauliza tena: "Na nani atazamaye?" Mtazamaji alikuwa simu ya mwanangu, ambayo kutwa i juu ya meza ya duka, mbele ya vijana wanaomsaidia kuuza.

Hawakugomba. Walivaa mitandio yao, wakaaga kwa heshima. Alhamisi iliyofuata nafasi nne zilikuwa tupu. Mke wangu alikwenda mlango kwa mlango kuomba radhi, nami nikaishusha ile kamera kwa mkono wangu. Haya yalinipata mimi, ambaye kila mwaka nawafundisha watoto Surat An-Nur, aya ya 27, yenye kutuamuru tubishe hodi na kutoa salamu kabla ya kuingia nyumba za watu. Na aya ya 58, yenye kuwataka hata watoto wa nyumbani waombe ruhusa katika nyakati tatu za faragha. Kadhalika Surat Al-Hujurat, aya ya 12, yakataza kupelelezana. Kamera haibishi hodi, wala haina saa ya faragha.

Wala msidhani hofu hii ni ya walimu wa chuo peke yao. Mwaka 2023 Tume ya Biashara ya Serikali ya Marekani iliishitaki Ring, kampuni ya Amazon, kwamba iliwaachia wafanyakazi wake watazame picha za faragha za wateja. Ikakubali kulipa dola milioni 5.8. Nasi tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Lakini sheria humfika mtu baada ya sitara kwisha chanika.

Huenda mama mwenye kwenda kazini akasema: "Maalim, mimi namwacha mtoto mchanga na msaidizi. Nifanyeje?" Hoja yake ina uzito. Akiona hapana budi, basi msaidizi aambiwe siku ya kwanza kwamba kamera ipo, iwekwe pale mtoto achezapo, kamwe isiwe mahali alalapo au avaapo yule binti, na izimwe wageni wafikapo. Binti huyo naye ni amana kutoka kwa wazazi wake.

Basi wewe kijana wangu, jawabu lako ni hili. Taa ya simu iache. Soketi azima. Taa ya njiani nunua. Kitasa cha kidole, uliza kwanza mwenye nyumba, kwani mlango ni wake. Kisha chagua chenye ufunguo pia, maana betri hufa usiku wa manane. Kamera, ikiwa lazima, iwe mlangoni kwa nje, isielekee mlango wa jirani, na neno la siri la kiwandani libadilishwe siku ile ile. Mwaka 2016 kamera na mashine nyingi za majumbani zilitekwa na wahalifu kwa sababu wenyewe hawakulibadilisha.

Lakini ndani usiiweke. Bibi harusi wako anatoka kwa wazazi wake kuja kwenye sitara yako. Asikute jicho limetangulia kumpokea.

Wabillahi tawfiq.