Mgodi Ulifungwa, Hazina Bado Iko Wazi

Mwaka 1931 mlowezi Mmarekani aliyeitwa L. A. Johnson alipata dhahabu karibu na Mto Yala, na jina la Kakamega likavuma hadi London. Walowezi waliokuwa wamefilisishwa na nzige na mdororo wa uchumi wa dunia waliyaacha mashamba yao ya nyanda za juu, wakaja na sururu na makarai. Mahema yakajaa kando ya vijito, na kituo kidogo cha serikali kikageuka mji wa biashara. Mgodi wa Rosterman, uliovuma kuliko yote, ulichimbwa hadi 1952, ukafungwa. Wazee wa Ikolomani husimulia kwamba hata jina la eneo lao lilitokana na jinsi wenyeji walivyoyatamka maneno ya Kiingereza yenye maana ya mgodi wa dhahabu.

Imepita zaidi ya miaka 70 tangu Rosterman ifungwe, lakini sururu hazijatulia. Vijana wa Ikolomani bado hushuka ardhini kwa kamba. Kina mama huketi juani wakipondaponda mawe, kisha huosha unga wake na kunasa chembe za dhahabu kwa zebaki inayowadhuru mikono na mapafu. Mvua ikizidi, kila familia yenye kijana shimoni hukosa usingizi. Kampuni ya Shanta Gold, iliyonunua mradi wa dhahabu wa magharibi mwa Kenya kutoka kwa Barrick mwaka 2020, imefanya utafiti katika miamba ya Isulu na Bushiangala, na swali la nani atahama na atalipwa nini limewakosesha watu amani. Dhahabu ingalipo, ila ni nadra kumkuta tajiri miongoni mwa wale walioishika kwanza.

Upande wa Mumias hali haikuwa tofauti. Kiwanda cha sukari kilianza kusaga miwa mwaka 1973, kikakua hadi kikawa kikubwa kuliko vyote nchini. Mwaka 2001 hisa zake zilianza kuuzwa katika Soko la Hisa la Nairobi. Watoto walisomeshwa kwa pesa za miwa, nyumba zikajengwa, mahari ikalipwa. Mwaka 2019 kampuni ikalemewa na madeni, ikakabidhiwa kwa msimamizi aliyeteuliwa na benki iliyokuwa ikiidai. Mkulima aliyekuwa na uhakika wa malipo alibaki akiitazama miwa yake ikikaukia shambani.

Kaunti hii ya Kakamega, yenye watu 1,867,579 kwa hesabu ya sensa ya 2019, imejifunza kwa gharama kubwa kwamba mali huja na huondoka. Jumapili inapofika, sehemu kubwa ya watu hao huingia kanisani. Wanapewa nini humo? Ukristo una jibu moja, nalo ni mtu: hazina ya Mkristo ni kumjua Kristo mwenyewe. Kanisa linalomfanya Kristo kuwa ufunguo wa kufungulia sanduku la pesa limewachimbia waumini wake shimo jingine.

Lugha ya Kiswahili inasaidia kulieleza jambo hili. Kuna kujua habari za mtu, na kuna kujuana naye. Kila mkazi wa Kakamega analijua jina la gavana, lakini wanaojuana naye ni wachache, na tofauti huonekana siku ya shida. Vivyo hivyo, mtu anaweza kuzitaja sikukuu zote za kanisa, akaimba kwaya miaka 20, akavaa sare ya chama cha akina mama au akina baba, na bado asimjue yule anayeimbiwa. Mtume Paulo alilielewa hilo. Akiwaandikia Wafilipi kutoka kifungoni, alizitaja fahari zake zote, kabila lake, elimu yake ya sheria na sifa yake mbele za watu, kisha akaziandika zote upande wa hasara katika hesabu ya maisha yake, kwa sababu kumjua Kristo kulizidi thamani ya vyote hivyo. Aliyeandika hayo alikuwa mfungwa asiye na uhakika wa kesho.

Magharibi mwa Kenya kuna watu waliopiga hesabu hiyo hiyo kwa maisha yao.

Maurice Michael Otunga alizaliwa mwaka 1923 kule Chebukwa, Bungoma, mwana wa Chifu Sudi Namachanja, mmoja wa watawala wenye nguvu na mali nyingi katika nchi ya Wabukusu. Alibatizwa mwaka 1935, akasoma katika seminari ya Kakamega, akaendelea Gaba nchini Uganda, kisha Roma alikopewa upadri mwaka 1950. Baba yake alitamani amrithi. Ardhi, ng'ombe, heshima na amri, vyote vilikuwa vikimngoja nyumbani. Otunga alikataa. Alikuja kuwa Askofu wa Kisii mwaka 1960, Askofu Mkuu wa Nairobi mwaka 1971, na mwaka 1973 akawa Mkenya wa kwanza kufanywa kardinali. Vyeo hivyo vingeweza kumrudishia fahari aliyoiacha, tena kwa riba. Alipostaafu mwaka 1997, alikwenda kuishi Nyumba ya Wazee huko Kasarani, makao ya wazee maskini yanayotunzwa na masista. Alifariki Septemba 2003, na leo Kanisa Katoliki humwita Mtumishi wa Mungu, hatua ya kwanza katika safari ya kutangazwa mtakatifu. Mwana wa chifu alimaliza siku zake katikati ya wazee wasio na kitu, na hakuna aliyemsikia akiulilia urithi wake.

Mfano wa pili ni wa kalamu. Kanisa la Marafiki, yaani Waquaker, lilifika Kaimosi mwaka 1902. Joel Litu, mmoja wa waumini wa mwanzo, alishirikiana na mmisionari Emory Rees kuyatafsiri Maandiko kwa Kilogooli huko Vihiga, eneo lililokuwa sehemu ya Wilaya ya Kakamega hadi 1990. Agano Jipya lilitoka mwaka 1925. Biblia nzima ilikamilika mwaka 1951. Kati ya tarehe hizo mbili kuna miaka 26 ya kutafuta neno moja baada ya jingine, kuuliza wazee, kufuta na kuandika upya. Kipindi hicho hicho wengine walikuwa wakipasua miamba ya Rosterman. Mwaka mmoja baada ya Biblia ya Kilogooli kukamilika, mgodi ulifungwa. Biblia hiyo inasomwa hadi sasa, na aliyeifungua kwa mara ya kwanza kwa lugha ya mama yake alimsikia Kristo akizungumza kama mtu wa nyumbani.

Kumjua Kristo pia kuliwagharimu watu pesa. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika, ulitambulika kwa jambo moja lililowashangaza hata wasioamini: waliookoka walirudisha vitu walivyoiba. Mtu alibeba jembe la mwajiri wake hadi mlangoni akaungama. Mwingine alilipa deni ambalo mdai alikuwa amelisahau. Huko Nyang'ori, magharibi mwa Kenya, Paulo Kivuli alianzisha African Israel Church Nineveh mwaka 1942, kanisa la kanzu nyeupe, vilemba na ngoma za barabarani, ambalo kuungama makosa hadharani ni sehemu ya ibada yake. Mifuko ya watu hao ilipungua, na wao wakajiona wamepata faida. Hesabu ya namna hiyo haina maana ila kwa mtu aliyepata kitu kinachozidi pesa.

Wapo watakaopinga, na hoja yao ina uzito. Utajiri wa kiroho hauwekwi sufuriani. Mara ngapi maskini wameambiwa watazame mbinguni huku wenzao wakiitazama ardhi yao? Mwaka 1932 jambo hilo lilitokea hapa hapa. Sheria ya ardhi ya wenyeji ya 1930 iliahidi kwamba ardhi ikichukuliwa, itafidiwa kwa ardhi nyingine, na wenyeji watashauriwa kupitia baraza lao. Dhahabu ilipopatikana, serikali ya kikoloni iliirekebisha sheria hiyo Desemba 1932 ili fidia iwe pesa na mashauriano yasiwe lazima. Ahadi ya miaka miwili ilivunjwa kwa ajili ya mawe.

Lakini ni nani waliopaza sauti? Miongoni mwao alikuwamo Walter Owen, kiongozi wa Kanisa la Anglikana katika eneo la Kavirondo, aliyeikemea serikali ya taifa lake. Walikuwamo pia vijana wa North Kavirondo Central Association, chama kilichozaliwa katika joto la suala hilo la dhahabu, na ambacho viongozi wake kama Andrea Jumba walitoka katika shule na makanisa ya Marafiki ya Kaimosi. Imani haikuwafunga mdomo. Asiyeabudu dhahabu hupata ujasiri wa kusema ukweli juu ya dhahabu, kwa kuwa hana cha kuhongwa nacho. Vijiji vya Isulu na Bushiangala vinahitaji sauti za aina hiyo hata leo, na mchungaji anayemjua Kristo hawezi kukaa kimya nyumba za waumini wake zinapopigiwa hesabu.

Na huduma za kimisheni hazikuwaachia watu mahubiri matupu. Misheni ya Mukumu iliyoanza mwaka 1906 ndiyo mzizi wa Hospitali ya Mtakatifu Elizabeth na shule zinazoizunguka. Ile ya Butere, iliyoanzishwa na Waanglikana mwaka 1912, ilizaa shule ya wasichana ambayo wahitimu wake wametapakaa nchi nzima. Wagonjwa wanatibiwa, watoto wanasoma. Matunda hayo yalitoka kwa watu waliomtafuta Kristo kwanza, na mkate ukafuata kwa sababu upendo wake haukuwaruhusu kumpita mwenye njaa.

Ndiyo maana injili ya mafanikio inayohubiriwa siku hizi katika mahema, redio na runinga inapaswa kupimwa kwa ukali. Mwumini huambiwa atume mbegu kwa simu, elfu moja au elfu tano, na Mungu atamrudishia mara mia. Mama muuza mboga sokoni hutuma mtaji wa wiki nzima. Muujiza usipotokea, huambiwa imani yake ni ndogo, apande tena. Mahubiri ya namna hiyo hulitaja jina la Yesu kila baada ya sentensi, lakini yule aliyezaliwa zizini, aliyewagusa wenye ukoma na kumsifu mjane wa senti mbili, hafahamiki ndani yake. Huo ni unyang'anyi, na viongozi wa makanisa ya Kakamega wanajua hivyo. Wengi wao hukaa kimya wakiogopa kuonekana wana wivu.

Yapo mambo ambayo yako ndani ya uwezo wa kila parokia, kigango na mkutano wa Marafiki. La kwanza ni kurudisha Maandiko mikononi mwa waumini, yasomwe katika jumuiya ndogo ndogo kwa Kiluhya au Kiswahili, watu waulize maswali na kujibiwa. La pili ni kuweka wazi hesabu za sadaka, kwa maana wahenga walikwisha kusema mali bila daftari hupotea bila habari. La tatu ni kuwafundisha vijana sala ya kimya, isiyo na kipaza sauti, ambamo mtu hujifunza kukaa na Mungu bila kuomba kitu. Uhusiano wowote hukua hivyo: mke na mume waliozeeka pamoja pale Shinyalu au Malava hawajuani kwa sababu ya zawadi walizopeana, bali kwa jioni nyingi walizokaa jiko moja.

Kwa mwenye kiu ya utajiri huu, hakuna ada ya kujiunga wala nambari ya kutuma pesa. Injili ya Luka ina sura 24. Atakayesoma sura moja kila jioni, akizima simu na kuomba kabla ya kulala, atakuwa ameimaliza kabla ya mwezi mmoja kupita. Asome akimtafuta mtu, na aanze leo.