Kansa ya ngozi si ya wazungu peke yao

Mu atelie za mine tunasikia kila mara: «Kansa ya ngozi ni ya wazungu, sisi weusi jua haitufanyi kitu.» Ni kweli nusu tu. Ngozi nyeusi inatukinga na jua, lakini masizi, arseniki na mafuta ya vidanji haviangalie rangi ya mutu.

Mwaka 1775, munganga Percivall Pott wa London aliona kansa ya ngozi kwa wale waliofagia masizi mu shimini. Leo tunajua namna inapita. Ndani ya kila selile ya ngozi kuna jeni zenye kutoa amri ya kukua. Ukijikata, amri inatoka, kidonda kinafunga, amri inanyamaza. Sumu ya masizi inaweza kuharibu jeni moja, kama ile wanaita ras, na amri haizimike tena. Ni kama sirene ya kuingia kazi iliyokwama: ekipe haipumzike usiku na muchana, na uvimbe unaota.

Lakini mu maabara, panya akipakwa sumu kidogo mara moja tu, mara nyingi hapate uvimbe. Unatoka wakiendelea kuchokoza ile ngozi, wiki kwa wiki. Hapo njo neno langu, wandugu: kugusa kwa kila siku njo kunatumaliza, na kila siku tunayopunguza ni faida. Mwaka 1778, chama cha wafagia shimini wa Denmark kiliambia watu wake waoge kila siku. Ile ilikuwa kazi ya chama, kama vile sindika yetu.

Basi tudai mambo manne. Maji na sabuni mu atelie, tuache kunawa na petroli. Salopeti zifuliwe ku kazi, si na bibi nyumbani pamoja na nguo za watoto. Munganga wa kazi atazame ngozi yote, mpaka kiganja na unyayo, kwani arseniki inaanzia pale na tupele tugumu. Na kila mutu apewe karatasi ya vitu alivyogusa, kwa sababu kansa inaweza kukawia miaka makumi, na hapo patroni atasema hakujue weye.

Sabuni haina bei kali. Tusikubali kuambiwa hakuna feza.